Tom Mboya na Suala la Jumuiya: Maisha ya Mwana wa Rusinga

Utangulizi

Kisiwa cha Remba ni jabali dogo lililo ndani ya Ziwa Victoria, katika maji ya eneo ambalo leo ni kaunti ya Homa Bay nchini Kenya. Nyumba zake za mabati zimebanana kiasi kwamba ukuta wa jirani mmoja huegemea ukuta wa mwingine. Wakazi wake ni wavuvi, wachuuzi wa samaki, mafundi wa mashua, wenye hoteli na wenye maduka. Baadhi yao ni Waluo na Wasuba, wengine ni Waluhya, na wengine wametoka Uganda na Tanzania. Ni wachache mno wanaoweza kudai kwamba babu zao walizikwa hapo. Hata hivyo, watu hawa huamua pamoja mambo ya mwalo, hukopeshana, husaidiana kuwasafirisha marehemu hadi nyumbani kwao, na hugombana kama wagombanavyo majirani wa mahali popote.

Mwanafunzi wa sayansi za jamii anapokitazama kisiwa cha namna hii hukabiliwa na swali la msingi: jumuiya ni nini? Lugha ya Kiswahili inatupatia maneno kadhaa ya kulijibu. Tunalo neno ukoo, ambalo hutaja damu. Jamii, ambalo ni pana mno. Jumuiya, ambalo hutaja watu waliojikusanya. Na chama, ambalo hutaja watu waliojiandikisha na kukubaliana kanuni. Maneno haya mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Makala haya yanashikilia kwamba tofauti zake ni kubwa, na kwamba maisha ya Thomas Joseph Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, katika visiwa vilevile vya upande wa Suba, yanaidhihirisha tofauti hiyo kuliko maelezo mengi ya nadharia. Maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa jaribio la kujenga jumuiya ya watu waliounganishwa na kazi badala ya damu. Jaribio hilo lilifaulu kwa kiwango cha kushangaza, kisha likavunjika mbele ya macho ya nchi nzima mwaka 1969. Ni muhimu tuelewe kwa nini lilifaulu na kwa nini lilivunjika.

Kuzaliwa na malezi

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka Rusinga kutafuta kazi. Alianza kwa kukata mkonge, na baadaye akapandishwa cheo na kuwa mnyapara. Mama yake aliitwa Marcella Onyango. Kwa hiyo Mboya, ambaye kwa asili alikuwa mtu wa visiwani, hakukulia visiwani. Alikulia katika kambi za vibarua ambamo familia za Wakamba, Wakikuyu, Waluo na Waluhya ziliishi bega kwa bega, zikilipwa na mwajiri mmoja na kutawaliwa na kengele moja ya kazi.

Malezi hayo yalikuwa na matokeo mawili. Kwanza, yalimpa lugha. Mboya alizungumza Kikamba na Kikuyu pamoja na Kidholuo, Kiswahili na, baadaye, Kiingereza. Pili, yalimwonyesha mapema kwamba watu wasiokuwa na babu mmoja wanaweza kuwa na shida moja. Mtoto wa kibarua wa Kiluo na mtoto wa kibarua wa Kikamba walilala njaa siku moja ikiwa mshahara ulichelewa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo msingi wa yote aliyoyafanya baadaye.

Alianza masomo yake Ukambani, akiwa mwanafunzi katika misheni ya Kikatoliki ya Kabaa. Mwaka 1942 alipelekwa Nyanza, katika shule ya Mtakatifu Maria, Yala, na mwaka 1946 akajiunga na shule ya Mang'u. Hakuweza kuendelea hadi mwisho kwa sababu karo ilikuwa shida na wadogo zake nao walihitaji kusoma. Akiwa mtoto wa kwanza wa kiume alijua wajibu wake. Mwaka 1948 aliingia katika chuo cha wakaguzi wa afya kilichokuwa Kabete, ambako mafunzo yalikuja na posho. Huko wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiongozi wao. Alipohitimu, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951.

Nairobi na aina mbili za vyama

Nairobi ya miaka ya 1950 mwanzoni ilikuwa jiji lililomtaka Mwafrika kwa kazi yake tu. Wafanyakazi walikaa katika mitaa ya Landi kama vile Kaloleni, Ziwani na Pumwani, mara nyingi bila wake wala watoto wao. Serikali iliwahesabu kuwa wageni ambao siku moja wangerudi kwao. Katika hali hiyo watu walijipanga kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa ya vyama vya ukoo na kabila. Waluo, kwa mfano, walikuwa na Luo Union, chama kilichowaunganisha wenyeji wa Nyanza waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, na mwaka 1947 alikuwa tayari ameanzisha shirika la akiba na biashara la Waluo. Vyama vya aina hii vilifanya kazi ambayo serikali haikuifanya: vilimpokea mgeni, vilimtafutia kazi, vilimuuguza, na alipokufa vilimrudisha kwao. Si haki kuvidharau. Pamoja na hayo, vilikuwa na mpaka wake. Havikuweza kumlazimisha mwajiri kuongeza mshahara, kwa kuwa mwajiri alikuwa na vibarua wa kabila jingine waliongoja nje ya lango.

Njia ya pili ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Hiyo ndiyo Mboya aliyoichagua. Kama mkaguzi wa afya alifanya kazi ileile waliyofanya wakaguzi wa Kizungu, lakini mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya mshahara wao. Hakuyachukulia haya kuwa tusi la mtu binafsi. Aliyachukulia kuwa jambo la watumishi wote wa jiji, akakifufua chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji na kukigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Kazi yake huko ilikuwa ya kuchosha na isiyo na sifa: kuandikisha wanachama mmoja mmoja, kukusanya ada, kuandika kumbukumbu za vikao, na kueleza hesabu kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamesoma. Waandishi wengi wa maisha yake huipita haraka sehemu hii ili wafike kwenye hotuba na mikutano mikubwa. Kwa mtazamo wa sayansi za jamii, hata hivyo, hiki ndicho kiini cha maisha yake. Watu huanza kuwa jumuiya pale wanapoweza kudaiana hesabu.

Hali ya Hatari

Mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa. Walter Odede, aliyeshika nafasi ya Kenyatta katika chama cha KAU, naye alitiwa kizuizini mwaka 1953. Mboya, aliyekuwa kijana wa miaka 22, alikubali kuwa kaimu mweka hazina wa chama hicho wakati ambapo kukubali cheo kulikuwa sawa na kujiandikia hati ya kukamatwa. Juni 1953 KAU ilipigwa marufuku. Mwaka huohuo Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyoandikishwa, lililokuja kuitwa Shirikisho la Kazi la Kenya.

Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Makumi ya maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikamatwa na kupelekwa kambini. Vyama vya wafanyakazi vilipoteza viongozi na wanachama kwa siku chache tu. Hapa ndipo jumuiya ya kazi ilipowekwa kwenye mizani. Kwa hesabu ya ukoo, Mboya hakuwa na sababu ya kujiingiza: waliokamatwa hawakuwa watu wa kwao, na nafasi zao za kazi zilijazwa na wengine, Waluo wakiwamo. Yeye alichagua kupinga adhabu ya jumla. Shirikisho lilipeleka malalamiko kwa serikali na kwa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza na Marekani, pamoja na Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi. Kwa kuwa vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimefungwa, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa karibu ya pekee iliyobaki kisheria.

Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Maelfu yao, wa pwani na wa bara, waliacha kazi na meli zikakaa bila kupakuliwa. Mboya alikwenda Mombasa, akazungumza na wagomaji, akawaomba warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya baraza la usuluhishi. Walikubali. Alisimamia hoja zao mwenyewe, na baraza likatoa nyongeza ya mshahara ya takriban thuluthi moja. Tukio hili lilimpa jina nchini kote. Tukilitazama kwa makini tutaona kwamba ushindi haukutokana na mgomo peke yake wala usuluhishi peke yake. Ulitokana na imani. Watu wasiomfahamu kijana huyu kutoka Nairobi walikubali kuweka silaha yao chini kwa ahadi yake, naye hakuwaangusha. Mwaka huohuo alipata nafasi ya kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, ambako alikaa hadi 1956.

Siasa na mipaka iliyochorwa na mkoloni

Mwaka 1955 serikali iliruhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, lakini kwa sharti kwamba kila chama kifanye kazi ndani ya wilaya moja tu. Sharti hili halikuwa dogo. Wilaya za Kenya zilichorwa kwa kufuata makabila, hivyo chama cha wilaya kilikuwa, kwa vitendo, chama cha kabila. Tunaposikia leo kwamba siasa za kikabila ni tabia ya asili ya Waafrika, inafaa tukumbuke amri hiyo. Mienendo mingi ya jamii tunayoiona kuwa ya kale ina tarehe, na aliyeianzisha anajulikana.

Mboya aligeuza kikwazo hicho kuwa nafasi. Wilaya yake ilikuwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa na watu wa kila kabila. Machi 1957 Waafrika walipopiga kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, alimshinda wakili Argwings-Kodhek katika kiti cha Nairobi. Baada ya hapo aliunda Chama cha Mkutano wa Watu wa Nairobi. Chama hicho kilikuwa na matawi mitaani, vikundi vya wanawake na vijana, na mikutano ya mara kwa mara katika ukumbi wa Kaloleni. Lugha kuu ya kuwaunganisha wasikilizaji hao wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulitia maanani jambo hili: mtu aliyesifiwa London na New York kwa Kiingereza chake alijenga nguvu yake ya kisiasa katika mitaa ambamo mkulima wa Murang'a na mvuvi wa Rusinga walielewana kwa Kiswahili.

Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kikao cha Mkutano wa Watu Wote wa Afrika uliofanyika Accra. Mwaka 1960 chama cha KANU kilipoundwa, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wake. Katika uchaguzi wa 1961 aligombea Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki, katika eneo ambalo wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. Waiyaki alikuwa Mkikuyu mwenye heshima na elimu. Mboya alipata karibu kura 9 katika kila 10. Matokeo hayo hayawezi kuelezwa kwa hesabu ya makabila. Yanaelezwa na miaka 10 ya ada, vikao, usuluhishi na utetezi.

Safari za wanafunzi

Kati ya kazi zake zote, inayokumbukwa kwa upendo zaidi ni mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda Marekani. Nafasi za elimu ya juu Afrika Mashariki zilikuwa chache mno, na uhuru ulikuwa unakaribia. Katika ziara yake ya Marekani ya 1959 Mboya alizungumza katika vyuo, makanisa na kumbi za wafanyakazi, akiomba nafasi za masomo. Marafiki zake, akiwamo mfanyabiashara William Scheinman, waliunda taasisi ya kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier pamoja na mchezaji Jackie Robinson walisaidia kuchangisha nauli. Nchini Kenya Dkt. Julius Kiano na Kariuki Njiiri walikuwa bega kwa bega naye. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kupitia taasisi yake, na hadi 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri.

Masimulizi ya mpango huu huelekea kuwataja wafadhili mashuhuri na kuwasahau wanavijiji. Nauli ya ndege haikutosha. Mwanafunzi alihitaji nguo, vitabu na fedha za kuanzia maisha. Fedha hizo zilichangwa nyumbani. Jamaa na majirani waliuza mifugo, waliandaa karamu za chai za michango, na kanisa likapitisha kikapu. Mtoto mmoja aliondoka akiwa na deni kwa kijiji kizima. Desturi hiyo ya kuchangiana ndiyo iliyopewa jina la harambee baada ya uhuru, na shule nyingi za Kenya zilijengwa nayo.

Miongoni mwa waliosafiri 1960 alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari Muta, anayejulikana zaidi kama Wangari Maathai. Alisoma katika chuo kilichoko Atchison, Kansas, akarudi, na mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la Mkanda wa Kijani lililowakusanya wanawake wa vijijini kupanda miti. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Pamela Odede, binti ya Walter Odede, naye alisoma Marekani kwa njia hiyo, na Januari 1962 aliolewa na Mboya.

Uwaziri na mgongano wa nia

Mboya aliingia serikalini 1962 akiwa Waziri wa Kazi. Mwezi Oktoba mwaka huo aliwakutanisha waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia sahihi mkataba wa mahusiano ya kazi, uliolenga kumaliza migogoro kwa mazungumzo kabla ya migomo. Baada ya uhuru wa Desemba 1963 alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba, kisha Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo hadi kifo chake.

Ni katika kipindi hiki ambapo maisha yake yanatuuliza maswali magumu. Mwaka 1965 vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kwa amri ya serikali chini ya COTU, na Rais akapewa sauti katika uteuzi wa katibu mkuu wake. Uhuru wa vyama, ambao ulikuwa umemkinga Mboya mwenyewe wakati wa Hali ya Hatari, ulipunguzwa na serikali aliyoitumikia. Mwaka huohuo wizara yake ilitoa Waraka wa Serikali Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulisifu mila za kusaidiana, lakini katika suala la uwekezaji ulielekeza fedha ziwekwe pale ambapo zingezaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu waliozoea kilimo cha biashara. Hoja ilikuwa kwamba faida ya sehemu hizo ingesambazwa baadaye kwa sehemu nyingine.

Kwa mtazamo wa mchumi wa wakati ule hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa mtazamo wa Turkana, Garissa, au visiwa vya iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, baadaye hiyo ilichelewa mno. Wahakiki wengi wameutaja waraka huo kuwa chanzo kimojawapo cha pengo kati ya maeneo ya Kenya, na kilio hicho kilisikika tena wakati wa kuandika Katiba ya 2010 iliyoleta serikali za kaunti. Hapa pana fumbo. Mtu aliyejua kuliko wengi kwamba nguvu ya watu hujengwa kutoka chini alitia sahihi mpango uliogawa maendeleo kutoka juu. Pengine aliamini kwamba dola changa haikuwa na nafasi ya kungoja. Vyovyote iwavyo, mwanafunzi makini hatamsamehe kwa sababu ya sifa zake, wala hatazisahau sifa zake kwa sababu ya waraka.

Pia kulikuwa na mvutano wake na Odinga. Odinga alielekea nchi za Mashariki, Mboya akaelekea Magharibi. Wapinzani wake walimtuhumu kwamba fedha za Marekani, ambazo zilisaidia hata ujenzi wa jumba la Shirikisho la Kazi, zilimfunga mikono. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru Machi 1966 Mboya alikuwa na mkono mkubwa katika mpango uliomwondolea Odinga cheo cha makamu wa rais wa chama. Odinga akaunda KPU. Kwa hatua hiyo Mboya alimdhoofisha mpinzani wake, lakini vilevile alijitenga na sehemu kubwa ya watu wa Nyanza, huku waliokuwa karibu na Ikulu wakianza kumwona yeye kuwa kizuizi katika mbio za kumrithi Kenyatta.

Kifo na mpasuko

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue, jijini Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa, na akanyongwa mwezi Novemba mwaka huo. Swali la nani alimtuma halikupata jibu mahakamani.

Yaliyofuata yanapaswa kusomwa kwa makini na kila anayechunguza mienendo ya jamii. Misa ya wafu katika Kanisa la Familia Takatifu iliandamana na ghasia. Umati uliukabili msafara wa Rais, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Mwili ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, watu wakijaa kandokando ya njia, ukavushwa hadi Rusinga, ukazikwa huko. Mtu ambaye Wakikuyu wa Nairobi walikuwa wamempa kura zao miaka 8 tu iliyotangulia alizikwa akiwa Mluo aliyeuawa. Ndani ya wiki chache viapo vya kikabila viliripotiwa Mkoa wa Kati. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais alipokwenda kufungua hospitali Kisumu, makabiliano yalizuka na raia wakapigwa risasi wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku.

Je, hii ina maana kwamba jumuiya aliyoijenga ilikuwa ya uongo, na kwamba damu ndiyo ukweli? Hivyo ndivyo wengi walivyohitimisha. Maoni ya makala haya ni tofauti. Kufikia 1969 nguzo za jumuiya hiyo zilikuwa zimeshaondolewa moja baada ya nyingine. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa chini ya dola. Chama chake cha Nairobi kilikuwa kimemezwa na KANU, na matawi ya KANU yalikuwa yamelala. Watu hawakuwa tena na kikao cha kukutania, ada ya kulipa, wala hesabu ya kudaiana. Pigo lilipokuja, kila mtu alikimbilia chombo kilichokuwa bado hai, nacho kilikuwa ukoo. Damu iliwapokea watu kwa sababu vyombo vingine vilikuwa vimeachwa kufa.

Hitimisho

Leo sanamu ya Mboya imesimama kwenye Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa, na Homa Bay pana chuo kikuu chenye jina lake. Kaburi lake huko Rusinga hutembelewa na wanafunzi wa shule. Lakini mahali pazuri zaidi pa kupima fikra zake pengine ni mbele zaidi ya Mfangano, kwenye visiwa vidogo kama Remba.

Biashara ya mbuta ya kuuza ng'ambo, iliyopanuka tangu miaka ya 1980, iliwavuta watu wa nchi tatu kwenye mawe hayo. Tangu kanuni za 2007, miaro ya Kenya husimamiwa na vikundi vya usimamizi wa fuo vinavyojulikana kwa ufupisho BMU. Sheria inataka wenye mashua, vibarua wa mashua na wachuuzi wawakilishwe katika kamati, na wanawake wasiachwe nje. Uanachama wa kikundi hutokana na kazi ambayo mtu hufanya mwaloni. Huo ndio msingi aliousimamia Mboya katika Baraza la Jiji na kwenye bandari ya Mombasa.

Mahali ambapo vikao vya kikundi hufanyika, hesabu husomwa hadharani na kibarua anaweza kumhoji mwenye mashua, mgeni na mwenyeji wana kitu cha kupoteza kwa pamoja. Mahali ambapo kamati imekuwa mali ya watu wachache, wavu ukiibwa au mtu akizama, swali la kwanza ni la kabila gani na la nchi gani. Mtafiti atakayekwenda Remba hana haja ya kuanza kwa kuuliza watu ni wa ukoo upi. Aulize kikao cha mwisho kilifanyika lini, nani alisoma hesabu, na nani aliruhusiwa kusema. Majibu ya maswali hayo matatu yatamwonyesha kama kisiwa hicho kina jumuiya au kina watu tu.